Kinu Hicho

Habari ilimkuta Mwende jikoni, akipaa magamba ya changu aliyemnunua Liwatoni alipotoka kazini. Haikuja kwa redio yake, maana redio yake ilikwisha betri zamani na hakuona haja ya kuifufua. Ilipenya ukutani kutoka televisheni ya jirani, kisha ikapanda ngazi kwa vigelegele na vishindo vya miguu, mpaka jumba zima la ghorofa pale Ganjoni likawa halina chumba kisichojua: Mheshimiwa Ubaid amevuka.

Mheshimiwa Ubaid alikuwa kigogo wa chama cha Birika. Mombasa ukitaja Birika umemtaja yeye, na ukimtaja yeye watu huanza kupiga makofi kabla hujamaliza jina. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kamera na kanzu yake nyeupe, akitangaza kwamba kura yake ya urais atampa Daktari Maxwell, mgombea wa chama cha Kinu, chama alichokifanyia mzaha jukwaani miaka na miaka.

"Birika ndicho chama changu na nitazikwa nacho," sauti yake ilisema ukutani. "Lakini kwa urais, mimi na watu wangu tunamuunga mkono Daktari. Kwani ajabu iko wapi? Birika na kinu si vyote vyombo vya jikoni?"

Watu wakacheka ukutani. Mwende akabaki na kisu mkononi, magamba yamemganda vidoleni, akimtazama samaki kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Simu ikalia. Alikuwa Karisa, mwenyekiti wa Kinu kisiwani.

"Dada Mwende! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mbona sauti kama ya mtu wa matangani? Tumeshinda, dada! Pwani yote yaja kwetu kwa miguu yake!"

"Nimefurahi, mwenyekiti."

"Hata ng'ombe akifurahi hutikisa mkia," Karisa akasema, akacheka peke yake. "Jumamosi twakutana Makadara. Wewe utakaa mbele. Mbele kabisa, wasikie! Katibu wangu wa jua na mvua."

Kwa kweli jua na mvua aliviona. Kuwa katibu wa Kinu Mombasa hakukuwa cheo cha kujivunia. Watu walikuwa wakisema kwamba mkutano mkuu wa Kinu unaweza kufanyika ndani ya tuktuk na dereva akapata nafasi ya kujinyoosha. Mwende hakujiunga kwa sababu ya kabila wala kwa sababu ya kazi; kazi alikuwa nayo, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na hakuwa na mtu wa kumwombea nyingine. Alijiunga kwa sababu siku moja alimsikia Daktari Maxwell akisema kwamba mwanamke akiingia hospitali aulizwe kwanza anaumwa wapi, ndipo aulizwe ana watoto wangapi. Basi. Neno hilo moja lilimfuata nyumbani, likakaa naye mezani akila, na wiki iliyofuata akaenda kuchukua kadi.

Tena kuwa mpweke katika chama kulikuwa na nafuu kuliko kuwa mpweke nyumbani. Chamani angeweza kusema amechagua mwenyewe.

Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Truphosa Nasipwondi.

Zamani milango ile ilikuwa kama mlango mmoja. Walihamia jumba lile mwaka mmoja, Mwende na mumewe Kavumbi, Truphosa na mumewe aliyekuwa fundi wa reli. Mume wa Truphosa alipofariki, Mwende ndiye aliyemshika kiunoni asianguke kaburini. Binti yao Beryl, ambaye sasa yuko ng'ambo na hupiga simu akikumbuka, alijifunzia kutembea kwenye sakafu ya Mwende, kutoka mguu wa meza hadi mguu wa kochi. Na Kavumbi alipokwenda kwao Kibwezi kuzika mjomba asirudi, ikaja kusikika kwamba ameoa na mke mpya tayari ana mimba, Truphosa alihama kwake akaja kulala na Mwende kitanda kimoja, akimpikia uji na kumlazimisha kuunywa. Truphosa ndiye aliyempeleka hospitali. Walikaa pamoja kwenye benchi, wakaingia pamoja, na maneno ya daktari kwamba mtoto hatapatikana waliyasikia pamoja, Truphosa amemshika mkono.

Hakuna mtu mwingine Mombasa aliyeyajua maneno yale.

Truphosa alikuwa na sauti. Mwili wake mdogo, lakini akifungua kinywa utadhani kuna wenzake watatu nyuma yake. Kampeni za Mombasa haziendi bila kina mama: leso za sare, matari, na mmoja wa kuanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Kina mama wa Birika walipompata Truphosa hawakumwachia. Naye, nyumba yake ikiwa imeanza kutoa mwangwi, hakutaka kuachiwa.

Uchaguzi uliopita akatunga wimbo wa maneno matatu tu. Yeye husema, "Kinu hicho!" Wao huitikia, "Hakitwangi!"

Ulienea mjini kama harufu ya mahamri. Makondakta waliuimba, watoto wa shule waliurukia kamba, wauza ndizi Marikiti waliamkiana kwao. Mtu akitaja kinu kwa nia njema kabisa, kinu cha bibi yake cha kutwangia bizari, lazima mwingine pembeni adakie, "Hakitwangi!" Hata Mwende mwenyewe, mwanzoni, aliusikia dirishani akatabasamu. Truphosa alikuja jioni akamwambia, "Usinichukie, mwenzangu, siasa tu hiyo," na Mwende akamjibu, "Mtatwangwa nyinyi," wakacheka na chai wakanywa.

Kisha ikaja siku ya mwisho ya kampeni. Kina mama walimsindikiza Truphosa nyumbani na matari yao, wakapanda hadi juu kuomba maji ya kunywa, na walipokuwa wakishuka Mwende alikuwa akipanda na mfuko wake wa mboga, amejifunga leso ya Kinu. Ngazi za jumba lile ni nyembamba. Wakamzunguka. Mmoja akamwonyesha tumbo kwa kidole, mwingine akatikisa kiuno, na wakaanza kumwimbia wimbo ule. Ulikuwa umeacha kuwa wimbo wa chama. Kila mtu pale ngazini alijua mwanamke huyu hana mtoto na mumewe amekwenda kuoa. Na kila mtu alielewa kinu kilichotajwa ni kipi.

Mwende alimtafuta Truphosa kwa macho, akamwona juu, amesimama mlangoni pake. Truphosa alikuwa amenyamaza. Kwa muda ule mdogo Mwende alijua yamekwisha, mwenzake atasema "basi jamani," na wataingia ndani waone namna ya kucheka. Wale kina mama nao walinyamaza, wakageuza nyuso juu kumngoja mwanzishaji wao.

Truphosa akavuta pumzi. "Kinu hicho!" akasema.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana ngazini, mmoja hujibanza ukutani mwingine apite. Mombasa, ambako mtu haulizi njia kabla hajaulizia hali yako na ya watu wako wote, wao wawili walipitana kama masanduku.

Ndiyo maana Mwende alishtuka, siku ya pili baada ya tangazo la Mheshimiwa, aliposikia mlango wake ukibishwa.

"Hodi! Hodi, wenyewe!" Alikuwa Zein, katibu wa Birika, mtu wa Mji wa Kale mwenye kofia safi na heshima ya kumwaga. "Wambaje, dada Mwende? Habari za tangu jana? Watu wa nyumbani wote wazima?"

"Wote wazima," Mwende akajibu, ingawa wote walikuwa yeye. "Karibuni."

Nyuma ya Zein alikuwa msichana mmoja wa kina mama wa Birika, Becky, anatafuna ubani. Na nyuma ya Becky, karibu na mlango wake mwenyewe kuliko mlango wa Mwende, alikuwa Truphosa.

"Dada, tumekuja na haja," Zein akasema. "Leso za Kinu hazipatikani. Biashara Street nimeizunguka duka kwa duka, zimekwisha, wenye maduka wenyewe wanachekana. Na Jumamosi kina mama lazima wavae. Nikaambiwa dada Mwende ana robota zima tangu uchaguzi ule."

"Lililokosa wa kulivaa," Mwende akasema.

"Na tulivyokuwa tunazipangusia viatu!" Becky akadakia, akacheka. Zein akakohoa kwa nguvu.

"Mtoto huyu," Zein akasema, "mdomo wake hauna mlango."

Mwende hakumtazama Becky. Alikuwa akimtazama Truphosa. Nywele zimeingia mvi mbele, akaona. Hakuwa ameona ngazini, kwa sababu ngazini alikuwa akitazama ukuta.

Truphosa akasogea hatua. "Mwende, mwenzangu," akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa ndogo. "Sasa sisi ni kitu kimoja."

Mwende alingoja. Alijua kwamba anangoja, na alijichukia kidogo, lakini aliendelea. Alingoja neno lolote ambalo halikuhusu leso wala Jumamosi. Angesema hata "umekonda," hata "samaki ananukia vizuri." Midomo ya Truphosa ilifunguka.

"Mama Truphosa, mazoezi," Becky akasema. "Wenzetu wako chini juani."

"Liko wapi robota?" Truphosa akauliza. Kisha, bila kungoja jibu, akaingia chumbani, miguu yake ikijua njia, akapinda palipo na kabati, akainama upande wa dirisha, akalivuta robota chini ya kitanda. Hakugonga kitu. Nyumba ya Mwende alikuwa bado anaijua gizani.

Walipokuwa wakishuka, sauti ya Zein ilisikika ngazini ikieleza mpango. Wimbo mpya wa nini, na mji mzima una wimbo tayari? Lahani ile ile, matari yale yale, ni kubadilisha neno moja. Truphosa aseme, "Kinu hicho!" na watu waitikie, "Kinatwanga!" Rahisi kama kuvua kiatu.

Mwende akafunga mlango, akakaa kitandani mahali ambapo chini yake sasa palikuwa patupu.

Jumamosi alikwenda. Angeweza kutokwenda; lakini kwa miaka yote aliyokuwa katibu wa watu wa kujaza tuktuk, alikuwa akiota siku ambayo uwanja wa Makadara ungejaa leso za Kinu, na siku yenyewe imefika, angekaaje nyumbani? Alivaa gauni lake la buluu, akapaka mafuta.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Leso za robota lake zilikuwa kila mahali, zikiwa bado na mikunjo ya miaka, kiasi kwamba mtu angeweza kuona zilivyolala chini ya kitanda. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa kina mama wa Birika. Karisa alikuja mbio, jasho limemlowesha shati.

"Dada Mwende, niwie radhi. Viti vile ni vya wageni wetu hawa wapya. Sisi ni wenyewe, si ndiyo? Sisi tutasimama kidogo."

"Tutasimama, mwenyekiti."

"Ndiyo sababu nakupenda, huna matata!" Akatoweka.

Mwende akasimama kando ya spika kubwa, chini ya mwarobaini. Mwanamke mmoja, amejitanda leso ya Kinu, akamgusa begani. "Mama, sogea, umetuziba. Kwani wewe ni wa chama gani?"

Mwende akafikiri jibu. Kisha akasogea.

Jukwaani Mheshimiwa Ubaid alimshika Daktari Maxwell mkono akauinua juu, na uwanja ukapiga kelele. Wakakumbatiana. Walikumbatiana vizuri, kama watu waliofanya mazoezi, huku mashavu yameelekea kwenye kamera. "Kama kuna maneno tuliwahi kuambiana," Mheshimiwa akasema kwenye kipaza sauti, "mimi nimesahau, naye amesahau. Na nyinyi je?"

"Tumesahau!" uwanja ukajibu.

Mwende alishangaa jinsi walivyojibu haraka. Yeye alijaribu kuangalia ndani yake kama kuna kitu amesahau. Harufu ya mfuko wa mboga siku ile alikuwa nayo bado. Nyanya moja ilidondoka, ikabingirika ngazi hadi chini, na hakuna aliyeicheka, kwa sababu walikuwa na cha kucheka.

"Basi nataka mama yetu Truphosa atuchangamshe," Mheshimiwa akasema. "Wimbo mnaujua, lakini leo una neno jipya. Mmefundishwa?"

"Ndiyo!"

Truphosa akapanda. Alikuwa amejifunga leso ya Kinu kiunoni, juu ya sare ya kijani ya Birika. Matari yakaanza, na mdundo ule ulipopita juu ya uwanja watu wakaanza kutikisika kabla hajasema kitu. Akashika kipaza sauti. Akavuta pumzi.

"Kinu hicho!"

"HAKITWANGI!" uwanja ukaitikia.

Ilikuwa sauti moja. Kina mama wa mbele, waliokuwa wamefundishwa siku nzima, waliitikia hivyo. Vijana juu ya ukuta waliitikia hivyo. Karisa, mwenyekiti wa Kinu, alionekana ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Kikaja kicheko kikubwa cha aibu. Daktari Maxwell alitabasamu kwa meno bila macho.

"Jamani," Truphosa akasema. "Kinatwanga. Tuseme wote: kinatwanga." Wakasema, kama watoto darasani. Matari yakarudi, mdundo ukapanda, akaanzisha tena.

"Kinu hicho!"

"HAKITWANGI!"

Na safari hii Mwende alisikia sauti moja karibu sana na sikio lake, nyembamba, safi, iliyofuata mdundo bila kukosea. Akageuka kutazama ni ya nani. Kisha akaweka vidole kwenye midomo yake mwenyewe na kuikuta bado iko wazi.

Alikuwa ameitikia. Neno lile ambalo kwa miaka lilikuwa likimwamsha, alilolisikia katika maji ya mfereji na katika magurudumu ya treni, lilikuwa limetoka kinywani mwake kwa raha, mahali pake hasa, baada ya "hicho."

Akainua macho. Kutoka jukwaani Truphosa alikuwa akimtazama yeye. Katika uwanja wote ule, alikuwa ameuona mdomo wa Mwende. Kipaza sauti kikashuka taratibu kifuani mwake, kikashuka mpaka kikaning'inia kando ya paja. Matari yalipiga raundi nzima yakimngojea. Hakuanzisha.

Mheshimiwa akacheka kicheko kikubwa cha kuokoa mambo. "Mazoea hayo! Watu wangu wana mazoea!" Zein akaashiria kwa mkono, na muziki wa mashine ukafunguliwa kwa nguvu hadi mwarobaini ukatetemeka.

Mwende alirudi nyumbani kwa miguu kabla watu hawajatawanyika. Alivua gauni, akavaa dera, akaosha uso, akakaa. Adhana ya magharibi ilipokuwa ikiisha alisikia hatua ngazini. Zilikuwa nzito, zikipumzika kila kituo. Zikafika juu. Hakusikia ufunguo upande wa pili.

Kisha mlango wake ukabishwa, mara moja.

"Nani?"

"Mimi."

Akafungua. Truphosa alikuwa peke yake, leso ameikunja mkononi.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda kwa Zein, biriani." Sauti ilikuwa imekauka. "Amesema nipumzike. Mkutano ujao Becky ataanzisha."

"Becky hana sauti."

"Hana. Lakini ana adabu ya kuanzisha anapoambiwa." Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Umekuja kwa mambo ya Kinu, au umekuja kwangu?"

"Kwako."

Mwende hakusogea mlangoni. Truphosa akatazama chini.

"Nilikuona," akasema. "Uwanjani. Ukiitikia."

"Ulikuwa mdomo tu."

Truphosa akainua uso haraka. "Ndiyo, Mwende! Ndiyo ninachotaka kukwambia. Mdomo tu. Hata mimi siku ile—"

"La." Mwende mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kutetemeka. "Usiingie hapo kujificha. Mimi leo nimeitikia. Wewe ulianzisha. Ulikuwa umenyamaza, Truphosa. Nilikutazama, ukaniona, walikuwa wamekwisha kunyamaza wote. Halafu ukaanzisha tena."

Chini, tuktuk ilipita ikipiga honi. Truphosa alikuwa akiikunja leso, inakuwa ndogo, anaikunja tena.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Nilijua wanamaanisha nini, na nilijua wewe utasikia nini. Benchi la hospitali nililiona hapa mbele yangu. Lakini walinigeuzia nyuso wote, Mwende. Niliogopa wataniuliza kwa nini nimenyamaza. Beryl alikuwa ameshakwenda. Nilikuwa na wao tu."

"Ulikuwa na mimi."

"Nilikuwa na wewe," Truphosa akasema, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti, yeye aliyekuwa na sauti ya kila kitu.

Nilijua. Ndilo neno ambalo Mwende alikuwa akilingoja miaka yote. Samahani hakuitaka, samahani kila mtu anayo. Alikuwa akidhani siku litakaposemwa kitu kitanyanyuka kifuani mwake kiondoke, naye atapumua mpaka chini. Hakikunyanyuka kitu. Kilikaa pale pale, ila sasa alikuwa akikiona vizuri, na kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na chake.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala."

"Kaa."

Aliosha mchele akabandika sufuria. Mkono wake ulikuwa umezoea maji ya wali wa mtu mmoja. Alipotaka kukisia ya wawili alisimama na jagi, akamimina, akatilia shaka, akaongeza. Truphosa alikaa kwenye kochi ukingoni, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuulizia kazi. Mwende alipasha moto mchuzi wa nazi wa jana, na alisikia wazi, nyuma yake, mtu mwingine akipumua ndani ya nyumba.

Alipofunua sufuria, wali ulikuwa umeshikana kama uji wa mgonjwa. Akapakua hivyo hivyo. Wakala.

"Mtamu," Truphosa akasema baada ya tonge la pili.

Mwende akaweka mkono wake pembeni ya sahani. "Truphosa."

Truphosa akamtazama. Akautazama wali. Kitu fulani katika uso wake kikalegea.

"Umekuwa bokoboko," akasema. "Mbaya kweli. Maji ulipima kwa ndoo?"

Mwende akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi na kilimuuma kooni, mahali ambapo hapajapita kicheko siku nyingi. Truphosa naye akacheka, akaomba chumvi, akaongeza mchuzi, na bokoboko lile wakalimaliza lote.

Halafu Mwende akakusanya sahani. Alitaka mtu huyu aendelee kukaa pale kwenye kochi, na alitaka kwa nguvu ile ile aondoke, vitu virudi mahali pake, asikie tena mlio wa friji.

"Nenda sasa," akasema taratibu. "Sikufukuzi. Ni kwamba sijazoea mtu ndani."

Truphosa akainuka. Mlangoni akageuka. "Nije kesho?"

"Bisha."

"Utafungua?"

Mwende alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na lilikuwa tayari ulimini. Lakini jioni ile hakutaka kuambiana kitu ambacho hawana hakika nacho.

"Sijui, Truphosa," akasema. "Wewe bisha. Tutajua sote wawili."